"Babu haumwi, ila anasema amemaliza kuishi": jibu kwa mlezi wa wazee aliyeko Uholanzi

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nina miaka 34, nafanya kazi ya kulea wazee katika nyumba moja ya wazee hapa Uholanzi, huu mwaka wa tatu. Kuna babu wa miaka 91 ninayemwogesha kila asubuhi. Haumwi: hana saratani wala ugonjwa wa kumuua. Macho yamekwisha, masikio mazito, magoti yanamtesa, na mkewe alishafariki. Wiki mbili zilizopita, nikiwa namvisha soksi, akaniambia: "Mimi nimemaliza. Nataka daktari anichome ile sindano." Nikaganda. Nikamwambia, usiseme hivyo babu. Akanyamaza, na tangu siku hiyo anaongea na mimi habari za chakula tu. Naomba unisaidie mambo matatu. Madaktari na wauguzi wa huku wanalionaje jambo hili hasa, maana wenzangu kazini kila mmoja ana lake? Je, naweza kulazimishwa kushiriki? Na akirudia kusema, nimjibu nini? Mimi ni Mwislamu, na moyo wangu umekuwa mzito.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nilifanya kazi ya uuguzi huko huko kwa miaka 11, sehemu kubwa katika nyumba za wazee, kabla ya kurudi Dar es Salaam kwenye huduma za tiba shufaa, yaani kuwatuliza wagonjwa wasiotarajiwa kupona. Hicho kiti cha kuogeshea nakijua, na hizo soksi za kubana miguu ambazo humvishi mtu bila kutoa jasho nazijua pia.

Usijilaumu kwa kumwambia "usiseme hivyo". Ndivyo tulivyolelewa. Bibi yangu mzaa mama, alipofika umri wa kutoweza hata kutunga uzi kwenye sindano, alikuwa akikaa barazani jioni na kusema, "Miye Mungu kanisahau." Sisi wajukuu tukaitikia kwa pamoja, "Bibi, usiseme hivyo!" na mmoja akakimbilia jikoni kumletea chai. Maneno yakaishia hapo, kwa sababu kwetu yule anayeambiwa ni Mungu, na kazi ya waliopo ni kukaa karibu. Huko uliko babu anamwambia daktari, na daktari ana sheria inayomruhusu kumsikiliza mpaka mwisho. Ndiyo maana uliganda, na hukukosea kuhisi kwamba maneno yale yalikuwa na uzito mwingine.

Lakini kuna kitu kimoja katika barua yako lazima nikuonyeshe kabla hatujaendelea. Umeniandikia kwamba hana ugonjwa, kisha hapo hapo ukanitajia macho, masikio na magoti. Mtu asiyeona uso wa anayemsemesha, asiyesikia meza nzima inacheka nini, na ambaye kila hatua ya kwenda chooni ni maumivu, huyo anaumwa. Haumwi kitu cha kumuua, basi. Tofauti hiyo ndiyo iliyowagawa madaktari wa Uholanzi kwa zaidi ya miaka 20.

Sheria yao ya eutanasia, yaani daktari kumsaidia mgonjwa kufa kwa ombi lake, ilianza kutumika tarehe 1 Aprili 2002. Watu wetu wengi hudhani inasema kwamba anayetaka kufa anapewa. Sivyo. Kumuua mtu kwa ombi lake bado ni kosa la jinai Uholanzi. Sheria inamwepusha na adhabu daktari peke yake, na kwa masharti. Ombi liwe la mgonjwa mwenyewe, la hiari, alilolifikiria vizuri. Mateso yawe hayavumiliki na hayana matumaini ya kupungua. Mgonjwa awe ameelezwa hali yake yote. Yeye na daktari wawe wameridhika pamoja kwamba hakuna njia nyingine ya maana. Daktari wa pili, asiyehusika na mgonjwa huyo, aje amwone kwa macho yake na aandike maoni. Na kazi yenyewe ifanywe kwa uangalifu wa kitabibu. Baada ya hapo daktari wa manispaa anakuja kukagua maiti, na jalada linakwenda kwenye kamati ya mapitio yenye mwanasheria, daktari na mtaalamu wa maadili. Mwaka 2023 kamati hizo zilipokea taarifa 9,068 za vifo vya namna hiyo, sawa na asilimia 5.4 ya vifo vyote vya nchi. Kundi kubwa kabisa lilikuwa la wagonjwa wa saratani. Waliokubaliwa kwa sababu ya maradhi ya uzee yaliyorundikana, kama haya ya babu yako, walikuwa 349.

(Magazeti yetu huiita eutanasia "kifo cha huruma". Mimi silitumii jina hilo, kwa sababu linakata shauri kabla mtu hajaeleza kisa chake. Nasema kusaidiwa kufa.)

Sasa babu yako anaingia wapi? Mwaka 1998 seneta mmoja wa zamani, Edward Brongersma, mwenye miaka 86, alisaidiwa kufa na daktari wake wa familia, Philip Sutorius. Brongersma hakuwa na ugonjwa mkubwa. Alisema ndugu na marafiki zake wamekwisha wote, siku zake ni tupu, na kwamba kifo kimemsahau. Niliposoma maneno hayo mara ya kwanza nilimkumbuka bibi yangu palepale barazani. Mahakama ya Haarlem ilimwachia daktari mwaka 2000. Mahakama ya rufaa ya Amsterdam ikamtia hatiani mwaka 2001, ila bila adhabu yoyote. Desemba 2002 Mahakama ya Juu ikathibitisha hukumu hiyo na kuweka mpaka ambao upo mpaka leo: mateso lazima yawe na chanzo chake hasa katika ugonjwa au hali inayotambuliwa kitabibu, ya mwili au ya akili. Mtu aliyechoka kuishi tu, bila hilo, daktari hana ruhusa.

Mwaka 2011 chama cha madaktari wa Uholanzi, KNMG, kiliusogeza mpaka huo kidogo kwa maelezo yake: macho kufifia, masikio kuziba, mifupa kulika, viungo kukakamaa, kupoteza mizani, kumbukumbu kupungua, vyote hivyo vikikutana ndani ya mtu mmoja vinaweza kufikia mateso yasiyovumilika, hata kama hakuna kimoja kinachoua. Kamati za mapitio zinakubaliana na hilo. Kwa hiyo wenzako kazini wanaobishana, mmoja akisema "hawezi kupewa, haumwi" na mwingine "anaweza, ni haki yake", wote wawili wamekosea. Inategemea daktari ataona nini akikaa naye. Na haki ya kupewa haipo kwa mtu yeyote; iliyopo ni haki ya kuomba.

Umeuliza madaktari wanalionaje. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2015 uliwauliza madaktari 1,456 wa Uholanzi kama wangeweza kufikiria kukubali ombi la namna hii. Kwa mgonjwa wa saratani, asilimia 85 walisema wangeweza. Kwa ugonjwa mwingine wa mwili, asilimia 82. Kwa mtu aliyechoka kuishi, asilimia 27. Hiyo ndiyo nchi ambayo sisi huku tunaihesabu kuwa imelimaliza jambo hili zamani. Madaktari wale wale walio tayari kumsaidia mgonjwa wa saratani ya kongosho, akifika mzee wa aina ya babu yako wengi wao wanarudi nyuma.

Sababu wanazozitoa nilizisikia mezani, kwenye chai ya saa nne, miaka yote niliyokuwa huko. Wa kwanza atakwambia: mimi nimesomea mwili, upweke wa huyu bibi nitaupima kwa kipimo gani? Wa pili hana shida na kanuni, shida yake ni lile sharti la "hakuna njia nyingine", maana mtu mpweke njia nyingine karibu kila mara ipo, ila haipatikani kwenye maduka ya dawa na hakuna wa kuigharamia. Wa tatu ni yule aliyewahi kufanya. Huyo husema kidogo.

Nilimwona mmoja. Alikuwa daktari wa familia, mtu mzima, mwenye sauti ya chini. Mgonjwa wake alikuwa mama wa miaka 96, haoni, hasikii, uti wa mgongo umepinda hadi kidevu kiko kifuani, na aliomba kwa mwaka mzima na zaidi. Daktari alimkatalia mara mbili, akamrudia, akaleta mwenzake wa pili, mwisho akakubali. Siku ile mimi nilikuwa nimeomba nisiwemo chumbani, nikabaki kwenye korido na troli ya shuka. Alipotoka alinishika bega bila kusema neno, akaenda kwenye gari lake. Nilipopita dirishani baada ya nusu saa gari lilikuwa palepale, naye amekaa ndani, mikono iko kwenye usukani. Sikubaliani na alichokifanya, lakini mtu akija mbele yangu kusema kwamba madaktari wale wanaua wazee kama kuku, namkatalia hapohapo.

Wauguzi na walezi ni habari nyingine, na humu ndimo ulimo wewe. Daktari anakuja kwa miadi. Sisi tupo saa moja asubuhi mtu akiwa uchi, anatetemeka, hajavaa meno. Maneno kama "nimemaliza" hayasemwi kwa mwenye koti kwanza, yanasemwa kwa mwenye taulo. Hivyo msimamo wa mlezi una nguvu kuliko watu wanavyofikiri: hukumu haikati yeye, lakini yeye ndiye anayeamua kama neno lile litafika kwa mwingine au litafia bafuni. Nimewaona wa aina mbili wakiharibu. Kuna anayekatiza, kama ulivyofanya wewe na kama nilivyofanya mimi mara nyingi. Na kuna anayeharakisha, anayesikia tu "nimechoka" na kukimbilia kumwambia mzee kuna fomu, kuna kituo cha The Hague kinachopokea waliokataliwa na madaktari wao. Kituo hicho kweli kipo, tangu 2012. Lakini mzee aliyesema nimechoka hakuomba anwani. Huyu wa pili ndiye anayenitia hofu zaidi, kwa sababu anafanya kwa moyo mwema kabisa, na mzee mwenye adabu anaweza kuona kwamba sasa amepewa ruhusa ya kuondoka, pengine hata ametakiwa aondoke.

Huko utasikia pia watu wakizungumzia "voltooid leven", yaani maisha yaliyokamilika. Usilichanganye na sheria iliyopo. Ni mjadala unaotembea sambamba nayo. Ulianza kuwaka mwaka 1991, pale Huib Drion, jaji mstaafu wa Mahakama ya Juu, alipoandika gazetini kwamba wazee wanapaswa kuwa na njia ya kujimalizia maisha yao bila kumwomba mtu. Mwaka 2010 wananchi zaidi ya 100,000 walitia saini kutaka sheria hiyo. Mwaka 2016 kamati ya wataalamu iliyoongozwa na Paul Schnabel ikasema sheria iliyopo inatosha. Serikali hata hivyo, Oktoba ya mwaka huohuo, ikatangaza kwamba inataka sheria mpya. Mwaka 2020 mbunge Pia Dijkstra akaleta muswada kwa ajili ya watu wa miaka 75 na kuendelea wanaoona maisha yao yamekamilika, hata wasipokuwa wagonjwa. Mpaka naandika haya muswada huo haujawa sheria. Na waliosimama mbele kuupinga ni pamoja na madaktari wenyewe kupitia KNMG: walisema utawafanya wazee wajihisi hawako salama, utaupa uzee jina baya, na utabomoa utaratibu uliopo ambao umejengwa kwa tahadhari.

Mimi nasimama nao. Mtu akishawekewa umri kisheria, kila anayeufikia atalazimika kujieleza kwa nini bado yupo. Huko uliko nimewasikia wazee wengi mno wakisema "sitaki kuwa mzigo", na sikumbuki hata mmoja aliyelisema akitabasamu. Kwetu tunasema ng'ombe haelemewi na nunduye. Wale hawana msemo huo, wana ratiba, na mzee anaiona ratiba ilivyojaa.

Ila nisikufiche upande wa pili. Kuna kisa cha Albert Heringa, aliyemsaidia mama yake wa miaka 99 kufa mwaka 2008 baada ya daktari kukataa kwa kuwa hakuwa mgonjwa. Kesi ilizunguka mahakamani miaka mingi: akatiwa hatiani bila adhabu, akaachiwa, mwisho mwaka 2018 akapewa kifungo cha miezi sita cha nje, na Mahakama ya Juu ikakithibitisha mwaka 2019. Katika kisa kile simwoni mwovu. Namwona mama aliyesema neno moja kwa muda mrefu, na mtoto aliyebaki nalo peke yake. Daktari akisema hapana kisha akafunga mkoba na kuondoka, hajamaliza kazi. Kukataa ombi ni mwanzo wa kumtazama mtu upya, na nyumba nyingi za wazee hapo ndipo zinapokwama, kwa sababu baada ya "hapana" hakuna aliyepangiwa kuendelea.

Kuendelea wapi? Mtafiti Els van Wijngaarden wa huko amewasikiliza watu hawa kwa karibu kuliko yeyote ninayemjua. Mwaka 2015 alichapisha mazungumzo yake na wazee 25 waliokuwa wakisema maisha yao yamekamilika. Alichokikuta hakikufanana na neno lenyewe "kukamilika". Alikuta upweke unaouma kama kidonda. Alikuta uchungu wa kuwa mtu ambaye hakuna anayemhitaji kwa lolote. Alikuta watu ambao hawawezi tena kufanya yale yaliyowafanya wawe wao, fundi asiyeshika nyundo, mwalimu asiyesoma. Alikuta uchovu wa kila aina, wa mifupa na wa roho. Na alikuta hofu kubwa ya kuja kuwa mikononi mwa wengine. Mwaka 2020 timu yake ilitoa utafiti mkubwa uliofanywa kwa niaba ya serikali: kati ya watu wenye zaidi ya miaka 55, asilimia 0.18, yaani kama 10,000 hivi nchi nzima, walikuwa na hamu ya kudumu ya kufa na kutaka maisha yao yakatishwe, ilhali hawana ugonjwa mkubwa. Na hata hamu hiyo ilipanda na kushuka. Mtu huyohuyo alitaka kufa na alitaka kuishi, wakati mwingine ndani ya wiki moja. Wasiwasi, upweke na shida za fedha viliipandisha.

Nilikuwa na bibi mmoja wa miaka 94, aliyekuwa fundi cherehani. Kila nikimvisha alikuwa akisema amemaliza. Siku moja nilikuwa nimechoka mwenyewe, sina hata nguvu ya kumkatiza, nikamuuliza: "Siku gani ya wiki ni mbaya kuliko zote?" Akajibu bila kufikiri: Jumapili. Siku zote nilidhani atasema usiku. Jumapili wafanyakazi ni wachache, hakuna mazoezi wala kahawa ya pamoja, na korido imejaa watoto na wajukuu wa watu wengine. Alikuwa anaamka Jumapili akisikia viatu vidogo vinapita mlangoni kwake. Haviingii.

Tulibadilisha jambo dogo. Mama mmoja wa jirani akawa anakuja Jumapili na nguo za kushonwa vifungo. Bibi haoni, lakini vidole vinajua. Sitakwambia aliacha kutaka kufa. Aliendelea kusema amemaliza, ila sasa alisema Jumanne na Ijumaa, na mara nyingine alisema huku anatafuta kifungo kilichoanguka. Baridi iliyofuata nimonia ikamchukua. Daktari na yeye walikuwa wamekubaliana mapema kwamba hatapelekwa hospitali, atapewa dawa za kumtuliza pumzi tu. Kumbuka hilo pia: mzee ana haki ya kukataa dripu, antibayotiki na hospitali, na kumkubalia hilo hakuhesabiki kuwa ni kumsaidia kufa. Mara nyingi, ukichimba chini ya neno "sindano", unakuta mtu anayeogopa kulazimishwa kuishi kwa mashine, na hajui kwamba anaweza kuandika leo kuwa hataki.

Kuhusu kulazimishwa, hapana, huwezi. Hata daktari sheria haimlazimishi. Chama chake kinamtaka tu amwambie mgonjwa mapema na amsaidie kumpata mwingine. Dawa zile anazitoa daktari kwa mkono wake, si muuguzi na si mlezi, na una haki ya kukataa hata matayarisho. Shikilia hilo sana, maana penye haraka mpaka huo huwa unavuka kimyakimya: kwa jirani zako Ubelgiji, wenye sheria yao tangu mwaka huohuo wa 2002, utafiti wa mwaka 2010 kutoka Flanders ulionyesha kwamba katika asilimia 12 ya visa vya eutanasia aliyetoa dawa alikuwa muuguzi, jambo ambalo sheria yao hairuhusu. Mwambie msimamizi wako sasa, kwa maandishi, kwamba hutashiriki. Usingoje siku yenyewe ukaanza kulia kwenye korido. Usichoweza kukataa ni kumwogesha, kumlisha, kumgeuza, na kufikisha alichosema. Na usimhubirie. Mzee aliye uchi mikononi mwako hana pa kukimbilia akihubiriwa.

Na imani yako? Mwenzangu wa Unguja niliyekuwa nikigawana naye zamu alinifundisha jambo ambalo mimi Mkristo nimelibeba mpaka leo. Mtume amekataza mtu kutamani mauti kwa sababu ya dhara iliyompata. Lakini hadithi haikuishia hapo, imempa aliyezidiwa maneno ya kusema: Ewe Mola, nipe uhai maadamu uhai ni kheri kwangu, na nifishe iwapo mauti ni kheri kwangu. Yule mwenzangu alikuwa akisema, ona, hata mtu aliyefika huko hakunyamazishwa, alipewa la kusema. Unaweza kuwa Mwislamu safi na ukamwacha babu amalize sentensi yake.

Basi akirudia, au hata asiporudia. Amenyamaza kwa sababu alibisha hodi ukamjibu hayupo mtu, kwa hiyo safari hii utaanza wewe. Usianze ukiwa umeinama miguuni kwake na soksi. Mwekee kwanza kifaa chake cha kusikia na uhakikishe betri inafanya kazi. Nimeshuhudia "sonona" iliyopungua nusu kwa betri mpya. Kaa mahali mwanga unapokuangukia usoni. Mwambie: "Wiki ile uliniambia umemaliza, nami nikakukatiza. Samahani. Niambie tena." Halafu nyamaza. Kimya kitakuwa kirefu na kitakuuma, uvumilie.

Akianza, muulize vitu vidogo. Kipi kigumu zaidi, asubuhi au usiku? Tangu lini? Mwingine umemwambia nani? Na muulize waziwazi kama anafikiria kujidhuru mwenyewe. Kuuliza hakumpi wazo hilo, kunampa nafasi ya kulitua. Akisema ndiyo, usimwache peke yake na umwite muuguzi wa zamu papo hapo. Usiku au mchana, Uholanzi kuna pia simu ya 113 kwa ajili hiyo, nawe mlezi unaweza kuipiga kuomba ushauri. Usimwahidi siri. Mwambie: "Haya nitamwambia daktari, kwa sababu ni mazito na sitaki uyabebe na mimi tu."

Kisha andika kwenye faili maneno yake kama alivyoyatamka, kwa alama za kunukuu. Usiandike "ana mawazo", wala "anaomba eutanasia". Yeye alisema "nimemaliza". Daktari wa wazee akiyasoma hivyo atajua pa kuanzia: maumivu ya usiku ambayo hakuyasema, sonona, ambayo kwa wazee hujificha nyuma ya kimya na kukosa hamu ya kula, dawa zinazomlaza mchana kutwa, au macho yanayoweza kufanyiwa kitu. Baada ya wiki moja uliza kama amekuja. Asipokuja, andika tena.

Na uchague siku ambayo zamu ina watu wa kutosha. Ukivuta kiti huku kuna wazee sita wanakusubiri, atajua, hata kama haoni.